Viti vya Mbele

Asubuhi ile ya Jumanne Sajini Lidwina alikuwa nyumbani kwake Lizaboni, anarudisha viti mahali pake. Jumuiya ilikuwa imesali kwake, zamu ilikuwa yake, na watu walishatawanyika na baridi yao ya mwezi wa sita, kila mtu kajifunika mpaka masikio. Yeye aliamka saa kumi na moja akavipanga viti duara, akiona ndio vizuri, watu watazamane. Alipotoka jikoni na birika la chai akakuta jirani yake, Mama Walburga, keshalivuruga duara lote. Kochi limeburutwa mpaka mbele, limetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, katekista kakalishwa juu yake kama bwana harusi, na Mama Walburga mwenyewe kakaa chini kwenye mkeka, miguu kainyoosha, karidhika.

"Mama Walburga, si nilishapanga?"

"Ulipanga vibaya, mwanangu. Mtu wa heshima hakai ubavu kwa ubavu na watoto."

Lidwina hakubishana. Wageni walipoondoka alilirudisha kochi ukutani, akakikunja kitambaa, akakitia mkobani, akavaa sweta mbili, akashuka mjini kwa miguu. Ukungu ulikuwa mzito, mtu unamsikia anakohoa kabla hujamwona. Kichwani alikuwa na neno moja tu, saa nane. Saa nane mchana Aidani angesomewa shtaka la mauaji, na mauaji hayana dhamana. Ukishaingia humo unakaa miaka unaambiwa upelelezi haujakamilika. Wengine hutoka na mvi. Wengine hubebwa.

Habari yenyewe mji mzima ulikuwa nayo. Gaudensi, mchongaji, alikutwa Jumatatu asubuhi amekufa kwenye ukumbi wa Mzee Otto. Ukumbi ule zamani ulikuwa wa ushirika wa wakulima. Ushirika ulipoanguka, soko huria likaja na wanunuzi wao, na Mzee Otto, mnunuzi wa tumbaku asiyevua kofia yake pana, akaununua na majani yaliyoota juu ya bati. Humo ndimo Gaudensi alimoweka kazi yake ya miezi minane. Wengine waliita sanaa, wengine waliita wazimu. Mwenyewe aliiita Mkutano wa Hadhara. Kilikuwa kiti kimoja kikubwa cha mninga, wanaume sita hawakiinui bila kupumzika, kimening'inizwa juu kwenye boriti kwa kamba ya katani. Miguu yake minne ilikuwa watu wanne waliopiga magoti, migongo imepinda, na kwenye egemeo imechongwa kofia pana. Chini yake vigoda thelathini, vyote vya kukalika, vimeazimwa nyumba kwa nyumba huko Namtumbo na Lusewa. Pia kulikuwa na makochi matano ya ofisi ya ule ushirika uliokufa. Wageni walikuwa waje Jumatano.

Kiti kilimwangukia Gaudensi. Kamba haikukatika, ilifunguliwa. Inspekta Hironimus, bosi wa Lidwina, alihesabu moja na moja akapata mbili bila kukaa chini. Aliyeifunga kamba pamoja na marehemu ni Aidani, kijana aliyemsaidia kubeba na kupanga. Aliyegombana naye Jumamosi mbele za watu ni Aidani. Aliyekamatwa asubuhi ileile juu ya lori la kwenda Lusewa ni Aidani. Hati ya mashtaka ikasainiwa siku hiyohiyo.

Getini pa kituo mama mzee alikuwa amekaa chini, kwenye udongo wa baridi, sufuria imefungwa kitambaa mapajani. Lidwina alimjua, alikuwa hapo tangu jana. Ndiye Otilia, mama yake Aidani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wamempa kula?"

"Nipe, nitampelekea mimi mwenyewe."

Bibi akaikabidhi sufuria kwa mikono miwili. "Na kigoda changu?"

"Kigoda ni kielelezo, mama. Mpaka kesi iishe."

"Mwe! Basi nitakaa chini mpaka kesi iishe." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayepokea zamu. "Kile alinichongea marehemu baba yake, mwaka niliomzaa huyu. Nimechambulia tumbaku juu yake miaka yote. Mimi huyo Gaudensi nilimwazima kigoda, sikumwazima mtoto."

Lidwina akaipakata sufuria. Akaingia.

Aidani aliletwa chumba cha mahojiano bila viatu. Alikuwa mrefu, amejikunja kwenye kiti kama kisu cha kukunja. Aliitazama sufuria ya mama yake, hakuigusa.

"Nyoosha mikono," Lidwina alimwambia. Ni kawaida yake, kila anayemhoji huanza na mikono.

Akainyoosha. Viganja vilikuwa vyeusi kwa ulimbo wa tumbaku, ule usiotoka kwa sabuni wala kwa sala. Zaidi ya hapo vilikuwa vizima, havina hata mchubuko. Lidwina akaandika hivyo, ingawa hakujua bado kwa nini anaandika.

"Jumamosi mligombania nini?"

"Nilishamwambia Inspekta."

"Mimi sio Inspekta. Niambie mimi."

"Kigoda cha mama. Gaudensi alikiweka mstari wa kwanza, katikati, chini ya lile dude lake. Nikamwambia, kaka, kamba ni kamba. Likianguka, mama utamwambia nini? Akaniambia hapo ndipo penyewe, kikikaa nyuma kazi yote haina maana. Nikamtukana. Nilimtukana vibaya, afande, na sasa nalala na lile tusi." Akairudisha mikono mapajani. "Akaapa. Akasema kikipata hata mkwaruzo, yeye sio mtoto wa mama yake."

"Na Jumatatu ukakimbia."

"Nikimbie kwa lori la mbolea? Nimekaa juu ya mifuko natazamwa na stendi nzima? Jana ilikuwa siku ya kuuza tumbaku Lusewa, mzigo wa mama upo kule hauna mtu."

"Rudia kwanza. Kigoda kilikuwa mstari wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Una hakika?"

"Afande, nilikibeba mimi. Nilikiweka mimi. Nilitukana nikiwa nimekishika."

Lidwina alirudi mezani kwake, akafungua jalada. Ramani ya tukio aliichora yeye mwenyewe Jumatatu, kwa penseli na rula, na alisifiwa kwa hilo. Mbele, pale kiti kilipomlalia marehemu. Hatua nne kutoka hapo, makochi matano yamejipanga, kila moja na kitambaa cheupe. Nyuma ya makochi, vigoda, mstari kwa mstari hadi mlangoni. Kigoda cha mwisho kabisa, kwenye kona ya mlango, alikiandika hivi: "miguu mitatu, mmoja umepasuka, alama ya O kwa chini." O ya Otilia. Na chini ya ramani, kwa mwandiko wake mzuri, alimalizia: "Ukumbi umepangwa vizuri. Hakuna dalili ya vurugu."

Akaisoma sentensi hiyo mara mbili. Halafu akasikia sauti ya Mama Walburga, ulipanga vibaya, mwanangu.

Jumatatu hakushtuka. Hilo ndilo lililomuuma. Alisimama katikati ya ukumbi ule, mpelelezi mzima, akaona makochi mbele na vigoda nyuma, na macho yake yakapita tu, kwa sababu ndivyo dunia ilivyo, kanisani, shuleni, msibani, kila mahali.

Jumamosi mchana Gaudensi alikuwa amemwita Mzee Swalehe wa studio ya picha aje kupiga ukumbi. Hilo lilikuwa kwenye jalada, ila hakuna aliyelifuata. Lidwina akalifuata.

Mzee Swalehe alikuwa anafuta vumbi kwenye pazia lenye picha ya maporomoko ya maji ambayo Songea nzima ilishawahi kusimama mbele yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Umekuja kupiga ya harusi, hatimaye?"

"Nimekuja kuona za Gaudensi."

"Innalillahi." Mzee akaweka kitambaa chini. "Hazijasafishwa. Filamu ina picha thelathini na sita, nimepiga ishirini na moja. Haijajaa."

"Isafishe hivyohivyo."

"Binti, filamu ambayo haijajaa husafishi. Ni kuchinja kuku anayetaga."

"Saa nane mtu anapelekwa mahakamani, mzee."

Swalehe alimtazama, akatazama kamera, akapumua. "Na serikali hailipi, najua. Funga huo mlango."

Walikaa chumba cha giza, taa nyekundu, harufu ya dawa inapanda puani. Picha ya kwanza ilikuja polepole ndani ya beseni, kwanza boriti, halafu kamba, halafu kile kiti kinaning'inia kama wingu lenye miguu. Chini yake, mbele kabisa, vigoda. Juu ya vitano vya mstari wa kwanza, kila kimoja kitambaa cheupe cha kufuma. Na makochi? Makochi yalikuwa nyuma kabisa, yamegeuziwa uso ukutani, yamefunikwa magunia ya tumbaku.

"Nilimwambia," Swalehe alisema kwa sauti ya chini, "kijana, umepanga kinyume. Nikaanza hata kumsaidia kugeuza kochi kabla sijapiga. Akacheka mpaka akakaa. Akaniambia, mzee, wewe ni mtu wa ishirini leo. Hata fundi wa umeme kanigeuzia. Akasema waliozoea mbele wautazame ukuta siku moja tu, hawatakufa."

Matone yakadondoka kutoka kwenye picha.

"Kitambaa hicho cha katikati," Lidwina akauliza, "kipo juu ya kigoda gani?"

Mzee akachukua lenzi. "Kidogo, miguu mitatu. Kipo chini ya kiti sawasawa."

Saa tano na nusu alikuwa ukumbini, picha bado mbichi ndani ya gazeti. Funguo alichukua kituoni. Kwanza alipiga magoti nyuma, karibu na ukuta. Sakafu ilikuwa nyekundu, ya kupakwa nta, na pale palikuwa na alama ishirini za miguu ya makochi, nne nne, zimedidimia. Makochi yalikaa hapo siku nyingi. Mbele yalipo sasa hapakuwa na alama, palikuwa na michirizi tu ya kuburuta.

Halafu alivigusa vitambaa, kimoja kimoja. Kila kimoja kilitandikwa juu ya egemeo la kochi, kimekunjwa pembetatu, ncha inatazama chini, imenyooka kama imepigwa rula. Cha kochi la kati alikigeuza. Upande wa ndani kulikuwa na doa la kahawia, kubwa kama jani la mharage, limekauka hadi uzi umekuwa mgumu.

Damu ya mtu aliyefia hatua nne kutoka hapo, na imejificha upande wa ndani wa kitambaa. Damu hairuki ikageuka kona. Kitambaa hiki kilikuwa juu ya kigoda cha Mama Otilia wakati kiti kinaanguka. Aliyekitoa alikitoa gizani, na umeme ulikatika Jumapili tangu saa moja jioni, mji mzima. Aliona kwa tochi vitu vimepinduka, akataka ionekane hapakuwa na mtu wa pili, akavipanga. Na alipanga kama mikono yake ilivyozoea. Aidani asingepanga hivyo. Aidani alibeba kila kigoda mahali pake.

Akamtuma koplo aliyekuwa mlangoni amwite Joachim, mtunza ukumbi.

Joachim hapakuwa na asiyemjua. Akija mkuu, akioa mtoto wa mtu, akifa mzee, Joachim ndiye anayepanga viti. Alijua nani akae karibu na nani, na nani akikaa karibu na nani patatokea matusi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, koti refu la kijivu la mtumba. Alipoingia mikono ilikuwa mifukoni, na kwa baridi ile hapakuwa na mtu ambaye angemshangaa.

"Monile, afande," alisalimu kwa Kingoni.

"Monile, kaka Joachim. Samahani nakusumbua."

"Ni kazi. Marehemu ni wetu wote."

"Ulisema mara ya mwisho kuingia humu ni lini?"

"Alhamisi. Nilimpa Gaudensi funguo, sikuingia tena mpaka jana asubuhi nilipomkuta. Nikafunga mlango, nikaja kwenu mbio."

"Hukugusa kitu?"

"Hata kimoja."

"Na ilikuwa imepangwa hivi hivi?"

Joachim akatazama makochi, vigoda, akatikisa kichwa kwa kukubali. Uso wake ulilegea kidogo, kama wa fundi anayeona kazi nzuri. "Hivi hivi."

"Vizuri. Inspekta anakuja sasa hivi na wageni," Lidwina alisema uongo huo bila kupepesa. Akavuta kiti cha mbao, akatoa kwenye mkoba kitambaa chake mwenyewe, kile cha jumuiya. "Hebu nitandikie hicho, mimi sijui mambo ya itifaki."

Ilikuwa mazoea ya miaka ishirini, na mazoea hayaulizi ruhusa. Mikono ikatoka mifukoni. Joachim akakishika kitambaa, akakikunja pembetatu, akakilaza juu ya egemeo, ncha chini, akakipiga kiganja mara moja kukinyoosha. Halafu akavuta ncha kidogo kushoto, haikuwa katikati.

Ndipo akakumbuka mikono yake.

Viganja vyote viwili vilikuwa vimechunika kuanzia vidoleni hadi kifundoni, mstari mmoja mpana mwekundu, umeanza kutunga usaha. Ni kamba ya katani ikikimbia kiganjani na mzigo mzito upande wa pili.

Nje mtu alikuwa anauza vitumbua, anaita.

"Nimeungua," Joachim alisema. "Jiko."

"Jiko gani linachora mstari?"

Joachim akairudisha mikono mifukoni.

Lidwina akaiweka picha ya Swalehe juu ya kiti, karibu na kitambaa. Kisha akaenda kochi la kati, akaleta kitambaa kingine, akakiweka pale, upande wa doa juu.

"Hii ni Jumamosi. Hii ni damu. Na kukunja huku, kaka Joachim, Songea nzima anakunja mtu mmoja."

Joachim alikaa. Alikaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu, sio kwenye kochi, na magoti yakafika kifuani. Kwa muda alionekana kama mtu anayetafuta jina la mgeni alilolisahau.

"Mimi nilitumwa kukishusha tu," alisema mwishoni.

"Na nani?"

"Wewe unajua kofia iliyochongwa kwenye egemeo la kile kiti ni ya nani. Kila mtu anajua. Mzee Otto aliiona Jumapili baada ya misa, kupitia dirishani. Akaniambia, Joachim, Jumatano sitaki kukikuta hicho kimening'inia ukumbini kwangu. Hakusema zaidi. Yeye hana haja ya kusema zaidi."

"Ukaja peke yako? Kiti cha watu sita?"

"Nilidhani kamba itabeba, mimi nielekeze tu. Nilizungushia nguzo mara moja. Giza, afande, tochi nimeibana kwapani. Kikaanza kunizidi. Nikaita. Gaudensi alikuwa analala chumba cha nyuma, akatoka mbio na kibatari. Nikamwambia shika kamba! Shika kamba, mlongo wangu, ndugu yangu!" Akaitoa mikono mifukoni. "Hakuja kwenye kamba. Alikimbilia kigoda. Kile cha miguu mitatu. Alikuwa amekwishakivuta nusu, mikono yangu ikafunguka."

Lidwina aliandika mpaka mwisho, akapiga mstari. Alipoinua macho Joachim alikuwa analia bila sauti, viganja vimetazama juu mapajani kama vya mtu anayeomba.

"Kwa nini hukusema? Ilikuwa ajali."

"Nilikwenda kusema. Nilianza kwa Mzee Otto. Akaniambia, wewe panga vizuri, halafu kalale. Asubuhi nenda polisi, wenyewe watajua." Akajifuta kwa mkono wa koti. "Mimi ni mtu wa kupanga viti, dada. Kukaa wanakaa wengine."

"Na Aidani?"

Joachim hakuinua kichwa. "Nilidhani watamwachia. Mtu asiye na kosa si huachiwa?"

Lilikuwa swali la kweli, alikuwa anauliza ajibiwe. Lidwina akafunga daftari.

Saa sita na dakika arobaini walikuwa kituoni. Joachim aliketishwa kwenye benchi la mapokezi. Kumweka ndani kulitaka ruhusa, na kumtoa Aidani pia. Mwendesha mashtaka alisoma maelezo yote akiwa amesimama, akayarudisha.

"Nimekuelewa, Lidwina. Hata mimi naona. Ila hati ni ya Inspekta, wa kuitoa ni yeye. Asiposema kabla ya saa nane, mimi nampeleka huyu kijana. Sitaki kulala ndani kwa ajili yake."

"Inspekta yuko wapi?"

"Hujui? Namtumbo. Mzee Otto anafungua kituo kipya cha kununulia tumbaku, kamwalika."

Aliisikia hiyo kama mtu anayesikia mlango ukifungwa nyumba ya jirani. Akaenda chumba cha simu ya upepo, akabonyeza.

"Gari la Inspekta, gari la Inspekta, hapa kituoni, ova."

Mkwaruzo. Halafu sauti ya Pankrasi, dereva, na nyuma yake ngoma na spika zinazopiga mluzi.

"Nakupata, afande. Ova."

"Chukua karatasi, andika. Aidani hahusiki. Joachim amekiri kufungua kamba kwa kutumwa na mwenye ukumbi. Ushahidi upo, kitambaa, picha na mikono. Naomba ruhusa kusimamisha shtaka la saa nane na kumshikilia Joachim. Jibu upesi. Mwisho. Umeandika?"

"Nimeandika." Pankrasi akasita. "Afande, hapa pana shida kidogo. Yuko mbele kule. Kakaa na Mzee Otto kiti kwa kiti, kochi moja kabisa. Kufika pale lazima nipite mbele za watu wote."

"Pita."

"Na kofia nivue?"

"Pankrasi. Pita."

Alisubiri. Dirishani alimwona Mama Otilia bado yuko getini, amehamia upande wa jua, jua lenyewe halina nguvu. Kwenye benchi la mapokezi Joachim aliinuka, akalisogeza benchi liwe sawa na ukuta, akakaa tena. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda kwa kelele.

Saa saba na robo redio iliamka.

"Nimempa, afande."

"Kasemaje?"

"Kaisoma. Yote. Mzee Otto akainama kumwuliza kitu, wakacheka kidogo." Ngoma zilipanda, zikashuka. "Halafu kaikunja, kaiweka mfuko wa shati. Nilisimama pale nikingoja, akanionyesha kwa kidole nirudi kwenye gari."

"Mwambie nasubiri."

"Sasa hivi anaitwa kukata utepe, afande. Ova."

Saa saba na nusu aliita, Pankrasi akasema bado. Saa saba na dakika arobaini aliita, Pankrasi hakujibu. Alimtoa Aidani mwenyewe, alimfungulia mlango kwa mkono wake, na Aidani alimtazama usoni mara moja tu, akaelewa, akanyoosha mikono yake myeusi mizima kwa ajili ya pingu.

"Mama asinione," alisema.

Ila mama yake alikuwa ameshasimama. Lendirova ya mahakamani ilikuwa imepiga stata na getini hapakuwa na njia nyingine ya kupita. Mwanawe alipopandishwa nyuma bibi hakulia wala hakuita. Aliuliza tu, akimtazama Lidwina, kwa sauti ya kawaida:

"Mwanangu, umewaambia?"

"Nimewaambia, mama."

"Wamesemaje?"

Lidwina alirudi kwenye simu ya upepo, akabonyeza kwa nguvu hadi kucha ikawa nyeupe. "Gari la Inspekta, gari la Inspekta, hapa kituoni. Nasubiri jibu. Ova."

Akaachia. Redio ikachemka kama mafuta kwenye kikaango, na ndani ya kuchemka huko, mbali, watu walikuwa wanapiga makofi.